Unajua solfa, sasa unataka chombo: kinanda, gitaa, filimbi au tarumbeta?

Wengi wanaoanza kupiga chombo hapa Mwanza hawaanzi patupu. Wametoka kwenye kwaya. Wanaimba alto au teno, karatasi ya d r m f s l t d wanaisoma kama gazeti, na "fe" (f iliyopandishwa nusu) au "ta" (t iliyoshushwa nusu) ikitokea katikati ya mstari haiwatishi. Mtu wa namna hiyo haulizi nota ni nini. Anauliza hizi anazozijua zinakaa wapi kwenye chombo, na aanze na chombo kipi.

Solfa ina tabia moja inayoamua karibu kila kitu: do haina makazi. Jumapili hii karatasi inasema Do ni G, ijayo inasema Do ni E flati (E iliyoshushwa nusu toni), na mwimbaji hashtuki, kwa kuwa umbali kati ya sauti na sauti ni uleule. Kinachoshtuka ni chombo. Kwa hiyo hapa vyombo havipimwi kwa utamu wa sauti, hilo ni la sikio lako. Vinapimwa kwa swali la mazoezini: mwalimu wa kwaya akisema "imetuzidi, shusheni nusu", vidole vyako vitafanya kazi gani?

Skeli moja kwenye vyombo vinne

Skeli ni ngazi ya sauti kutoka d hadi d ya juu. Kutoka d hadi r ni toni nzima, r hadi m nzima, m hadi f nusu, kisha f-s, s-l na l-t nzima tatu, na t-d nusu. Kwenye kinanda nusu toni ni kitufe cha jirani kabisa, kiwe cheupe au cheusi. Kwenye gitaa ni freti moja, nafasi kati ya vyuma vya shingoni. Filimbi na tarumbeta hazina mstari wa kuhesabia namna hiyo, na hapo ndipo tofauti zinapoanza.

| Solfa | Herufi | Kinanda, mkono wa kulia (kidole) | Gitaa | Filimbi (matundu ya mbele yaliyozibwa) | Tarumbeta (valvu) |
|---|---|---|---|---|---|
| d | C | 1 | uzi 5, freti 3 | 1 hadi 7 | hakuna |
| r | D | 2 | uzi 4, wazi | 1 hadi 6 | 1 na 3 |
| m | E | 3 | uzi 4, freti 2 | 1 hadi 5 | 1 na 2 |
| f | F | 1 | uzi 4, freti 3 | 1 hadi 4, au 1 hadi 4 pamoja na 6 na 7 | 1 |
| s | G | 2 | uzi 3, wazi | 1 hadi 3 | hakuna |
| l | A | 3 | uzi 3, freti 2 | 1 na 2 | 1 na 2 |
| t | B | 4 | uzi 2, wazi | 1 | 2 |
| d' | C | 5 | uzi 2, freti 1 | 2 peke yake | hakuna |

Kwenye gitaa, uzi wa 1 ni mwembamba kabisa, na "wazi" ni uzi usiobonyezwa. Kwenye filimbi, tundu la nyuma la dole gumba limezibwa mstari wote huo. Safu ya tarumbeta (valvu ni vile vitufe vitatu vya kubonyeza) ni ya nota zilizoandikwa. Zinazosikika ni nyingine, tutalifikia hilo.

Namba hizi zina mtego unaowapoteza wanaojifunza vyombo viwili kwa pamoja. Kwenye kinanda kidole namba 1 ni dole gumba na 5 ni kidole cha mwisho, mikono yote miwili. Kwenye gitaa dole gumba la kushoto halihesabiwi, kwa hiyo 1 ni kidole cha shahada na 4 ni cha mwisho. Kwenye filimbi namba ni za matundu, si za vidole. Mtu akikutumia mazoezi kwenye simu na kuandika "1 2 3" bila kutaja chombo, muulize kwanza.

Kinanda: kila kitu kiko machoni

Sifa kubwa ya kinanda ni kwamba huhitaji kuitafuta sauti. Kila nota ina kitufe kimoja tu, imepangwa kutoka chini kwenda juu, na ukibonyeza sawasawa inatoka sawasawa siku ya kwanza. Vitufe vyeusi vimekaa viwili-viwili na vitatu-vitatu. C ni cheupe kilicho kushoto kwa kundi la viwili, F ni cheupe kilicho kushoto kwa kundi la vitatu. Ukizijua hizo mbili, nyingine zinajitaja zenyewe.

Kazi iko kwenye kupitisha dole gumba. Skeli ina sauti nane na mkono una vidole vitano, kwa hiyo mahali fulani gumba lazima lipite chini ya vidole vingine. Kwa mkono wa kulia, C, G, D, A na E zote zina vidole vilevile: 1 2 3, 1 2 3 4 5. Kwa mkono wa kushoto zote tano ni 5 4 3 2 1, 3 2 1. Mtu wa solfa anafurahi hapa, kwa sababu mpango mmoja umempa do tano.

Halafu inakuja F, na furaha inakatika. Ukipiga F kwa vidole vya C, gumba linaangukia B flati, kitufe cheusi. Gumba ni fupi, kitufe cheusi kiko mbali na kimeinuka, kwa hiyo mkono mzima unasogea ndani, kiwiko kinainuka, na nota inayofuata inachelewa. Ndiyo maana F kulia ni 1 2 3 4, 1 2 3 4. Kwa do za flati ziko kanuni mbili zinazookoa muda mwingi. Kwenye F, B flati, E flati na A flati, gumba la kulia linakaa kwenye F na C siku zote, popote unapoanzia. Kwenye B flati, E flati na A flati, mkono wa kushoto ni 3 2 1, 4 3 2 1, 3, na kidole cha 4 kinaangukia "f" ya solfa kila mara. Ziandike ndani ya jalada la daftari.

Makosa ya miezi ya kwanza ni yaleyale. Gumba linangoja hadi zamu yake ifike ndipo linakimbia. Lilipaswa kuanza kuingia chini ya kiganja mara tu kidole cha 2 kinapobonyeza. Mikono miwili inaunganishwa mapema mno, na kwa kuwa kwenye C kulia gumba linapita baada ya m na kushoto kidole cha 3 kinavuka baada ya s, ubongo unagoma. Fanya kila mkono peke yake kwa mpigo wa 60 kwa dakika, nota moja kwa kila mpigo, hadi uweze kupanda na kushuka mara tatu bila kosa. Ndipo uunganishe.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwalimu anasema shusheni nusu, kutoka G hadi F shapu (F iliyopandishwa nusu toni). Kwenye kinanda hiyo ni ramani mpya kabisa, vyeusi vitano na vidole tofauti. Wapigaji wengi wanakwepa kwa kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE: wanabonyeza -1 na kuendelea kupiga G. Si dhambi, kwaya iendelee. Ila kina mitego miwili. Wa kwanza, wimbo ukiisha mpigaji anasahau kukirudisha kwenye 0, na wimbo unaofuata unaanza chini, mahali ambapo besi hawafiki. Wa pili ni wa kujifunza: anayepiga kila wimbo katika C na kuhamisha kwa kitufe, baada ya miaka mitatu anajua C peke yake, na akikalishwa kwenye ogani ya mabomba au piano isiyo na kitufe hicho, anainuka taratibu na kwenda kukaa na besi. Ushauri: mazoezini nyumbani kitufe kikae 0, na kila mwezi ongeza do mbili kwa mpangilio huu: C, G, F, D, B flati, A, E flati.

Kwenye kununua, chukua chenye vitufe 61 vya ukubwa wa kawaida. Beba rula: vitufe vyeupe saba, kutoka C hadi B, vinapaswa kuwa na upana wa takriban sentimita 16.5. Vikiwa na 14 ni vya watoto, na mkono utakaovizoea utapotea kwenye kinanda cha kanisani. Kibonyeze kila kitufe kimoja kimoja, vyeusi kwa vyeupe, kwa sababu vilivyotumika huwa na kitufe kimoja au viwili vilivyokufa, na muuzaji hatakwambia. Angalia pia adapta. Nyingi za Yamaha ndogo ni volti 12 zenye chanya katikati ya ncha, na nyingi za Casio ni volti 9.5. Ncha ya adapta nyingine inaweza kuingia. Kuingia si kufaa, na ukichanganya utapeleka kinanda kwa fundi. Soma alama iliyo karibu na tundu la umeme kabla hujachomeka. Kwa kuwa umeme unakatika, chagua kinachokubali betri.

Gitaa: umbo moja linalohama

Gitaa linafanya kinyume. Siku ya kwanza halikupi kitu: vidole vinauma, nyuzi zinavuma, na C iliyosikika vizuri dakika moja iliyopita imepotea. Lakini kwa suala la kuhamisha do, hakuna kati ya vinne hivi kinacholikaribia.

Nyuzi kutoka nene hadi nyembamba ni E A D G B E, na zinahesabiwa kuanzia nyembamba, yaani nyembamba ni ya 1 na nene ni ya 6. Skeli iliyo kwenye jedwali inatumia nyuzi wazi, kwa hiyo imefungwa pale pale kwenye C. Skeli ya pili ndiyo ya kushika mapema. Weka kidole cha 2 kwenye uzi wa 6, freti ya 8, ndiyo C. Kisha:

uzi wa 6: freti 8, 10 (vidole 2, 4)
uzi wa 5: freti 7, 8, 10 (vidole 1, 2, 4)
uzi wa 4: freti 7, 9, 10 (vidole 1, 3, 4)

Hiyo ni d r, m f s, l t d. Hakuna uzi wazi hata mmoja. Telezesha mkono mzima hadi kidole cha 2 kikae freti ya 3, na vidole vilevile vinakupa Do ni G. Ikitakiwa ishuke nusu, rudi freti moja, umemaliza. Kilichokuwa kazi ya mwezi kwenye kinanda hapa ni sentimita tatu. Kwa mtu aliyelelewa na solfa, gitaa ndicho chombo kinachowaza kama yeye.

Upande wa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja; zile za TRA zina kitabu chao) kuna kapo, kibanio kinachofunga nyuzi zote kwenye freti moja. Do ni E flati: kapo freti ya 1, piga maumbo ya D. Do ni A flati: kapo 1, maumbo ya G. Do ni B flati: kapo 3, maumbo ya G. Do ni F: kapo 3, maumbo ya D, na hivyo unakwepa kodi ya F yenye kulaza kidole kizima, ambayo imewafanya wengi kutundika gitaa ukutani. Kapo ibane karibu na freti, si katikati ya nafasi. Ikikaa katikati inavuta nyuzi na kila kitu kinapanda kidogo.

Kuna jambo lingine ambalo mwana kwaya atalipenda. Soprano na alto wanaposhikana kwa theluthi (kama m na d), sauti hiyo iko tayari kwenye nyuzi ya 2 na ya 1, na ndiyo inayosikika kwenye magitaa ya dansi tangu zamani. Katika C, freti za uzi wa 2 na uzi wa 1 kwa pamoja ni: 1 na 0, 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12. Sauti ya juu inaanza m, ya chini d. Utagundua kwamba maumbo ni mawili tu: nyuzi zikitofautiana freti moja ni theluthi kubwa, zikitofautiana mbili ni ndogo. Piga taratibu huku ukiimba solfa ya sauti ya chini, kisha ya juu. Baada ya wiki mbili utakuwa unaokota viitikio vya redioni.

Udhaifu wa gitaa ni kwamba linaficha majina. Nota ileile inapatikana mahali zaidi ya pamoja: E ya uzi wa 1 ukiwa wazi ni ileile ya uzi wa 2 freti 5, ya uzi wa 3 freti 9 na ya uzi wa 4 freti 14. Wengi wanapiga maumbo miaka mitano bila kujua wanabonyeza herufi gani, na wakipewa karatasi ya nota za mistari mitano wanakwama. Dawa ni ndogo: kila siku taja kwa sauti nota za uzi mmoja, freti 0 hadi 12, Jumatatu uzi wa 6, Jumanne wa 5, na kuendelea.

Makosa ya mkono ni haya. Kidole kinakaa katikati ya freti mbili na uzi unavuma. Kiweke nyuma tu ya chuma cha freti, utabonyeza kwa nguvu nusu. Kidole kinalala na kuzima uzi wa jirani. Kunja kiungo cha mwisho, kucha za kushoto ziwe fupi. Maumivu ya ncha za vidole ni ya wiki mbili hadi nne za nyuzi za chuma, na dakika 15 mara mbili kwa siku zinajenga ngozi vizuri kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Dukani usianze na rangi. Pima kutoka kizibo cha juu, pale nyuzi zinapopita kabla ya freti ya kwanza, hadi freti ya 12. Kisha pima kutoka freti ya 12 hadi daraja. Umbali uwe sawa, au wa pili uzidi kwa milimita chache tu. Gitaa la sentimita 65 litakuwa na 32.5 kwa kila upande. Tofauti ikiwa kubwa, gitaa hilo halitatyuni kamwe, hata umlete nani. Pili, angalia urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 2 hadi 3 kwa nyuzi za chuma, hadi 4 kwa nailoni. Zaidi ya hapo vidole vitateseka bure. Tatu, gitaa lililoundwa kwa nailoni lisivalishwe chuma, hata kama ndizo nyuzi zilizopo dukani. Mvuto wa chuma ni mkubwa, na daraja litang'oka na kipande cha ubao.

Kutyuni kwa sikio: freti ya 5 ya kila uzi inalingana na uzi unaofuata ukiwa wazi, isipokuwa uzi wa 3, ambao ni freti ya 4 inayolingana na uzi wa 2. Programu za simu zinafanya kazi hiyo, ila hakikisha imewekwa A ni 440.

Filimbi: rahisi kununua, si rahisi kuhamisha

Filimbi inayozungumziwa hapa ni ile ya plastiki yenye matundu saba mbele na moja nyuma, rekoda ya soprano. Ni ya bei ndogo kuliko vyombo vyote hapa, inaingia kwenye mkoba wa shule, na ndiyo inayofundisha kusoma mistari mitano haraka zaidi, kwa kuwa inapiga sauti moja tu na kila nota ina mkao wake mmoja.

Kabla ya kulipa, geuza na uangalie matundu ya mbele ukihesabu kutoka juu. Tundu la 5 likiwa dogo kuliko la 4, hiyo ni ya mtindo wa Kijerumani. La 4 likiwa dogo kuliko la 5, ni ya baroko. Ya Kijerumani inakupa F kwa kuziba 1 hadi 4 tu, mteremko mzuri kabisa, na ndiyo maana inawavutia wanaoanza. Gharama inakuja kwenye F shapu, ambayo mkao wake ni mgumu na sauti haitulii. Sasa fikiria Do ni G: F shapu ndiyo "t" yako, na nyimbo za kwaya zinashuka chini ya do mara kwa mara. Ya baroko ina F yenye kuruka tundu la 5 (1 2 3 4, 6 7), inasumbua wiki moja, kisha F shapu yake inakaa safi: 1 2 3, 5 6. Nunua ya baroko. Darasa zima likiwa na za Kijerumani, basi nunua hiyo, kwa sababu mwalimu hawezi kufundisha mikao miwili kwa pamoja.

Mkono wa kushoto uko juu daima, hata kwa mwenye kutumia shoto. Anza na B, A, G. Usikimbilie C ya chini, kwani inataka matundu yote yazibwe kikamilifu, na tundu moja likivuja filimbi inapiga kelele ya kuku. Baada ya kuziba, tazama vidole: alama ya duara kamili ibaki kwenye ngozi. Pumzi iwe ndogo, kila nota ianze kwa ulimi kama unasema "tu". Sauti ikianza kukwaruza baada ya dakika kumi, ni maji yamejaa kwenye njia ya hewa. Funika dirisha la juu kwa kiganja na upulize mara moja kwa nguvu.

Kuhamisha do hapa ni kazi. C, G, F na D zinapigika. Ukivuka hapo, mikao ya kuruka matundu inaongezeka kila hatua. Kwaya ikishuka nusu kutoka G, mpiga filimbi anaweka chombo chini na kuimba.

Tarumbeta: vidole vitatu, masikio mengi

Valvu tatu zinaonekana ahueni. Tazama tena jedwali: C, G na C ya juu zote ni bila kubonyeza kitu. Vidole havikwambii uko wapi, midomo ndiyo inayochagua, na midomo inaongozwa na sauti uliyoisikia kichwani kabla ya kupuliza. Mwana kwaya mzuri ana faida hapa kuliko kwenye chombo kingine chochote. Imba "s", kisha puliza "s".

Tatizo ni kwamba tarumbeta ya kawaida iko katika B flati. Ukipiga C iliyoandikwa, inasikika B flati, toni nzima chini. Kwaya ikiwa Do ni C, wewe unapiga D yenye shapu mbili. Kwaya ikiwa G, unapiga A yenye tatu. Kwaya ikiwa B flati, E flati au F, wewe uko C, F au G na maisha ni mazuri, na bendi za matarumbeta hukaa huko kwa sababu hiyo. Kwa 1 na 3 pamoja sauti inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Sukuma nje bomba dogo la valvu ya 3, ndiyo kazi ya ile pete. Anza tu kama kuna bendi itakayokupokea na mtu wa kukusikiliza midomo. Kujifundisha peke yako kutoka simuni kunaharibu mkao wa mdomo kimyakimya, na kuurekebisha ni kazi kuliko kuanza.

Vya hapa ziwani

Kama unachotaka ni nyatiti ya Waluo, yenye nyuzi nane, nne kwa kila mkono, au nanga ya Wahaya wa ng'ambo ya ziwa, sahau C na G. Vinatyuniwa kwa sauti ya mwimbaji, kwa hiyo kuhamisha do ni kukaza nyuzi, si kubadili vidole. Nyimbo nyingi za asili za kanda hii zinatembea kwa sauti tano, d r m s l. Ukitaka kuzionja ukiwa na kinanda, piga vitufe vyeusi tu kuanzia F shapu: hizo ndizo tano zenyewe, na hakuna namna ya kukosea.

Karatasi

Anayehama kutoka solfa kwenda mistari mitano anahitaji ufunguo mmoja: do iko wapi? Mwanzoni mwa mstari, shapu ya mwisho kulia ni "t", kwa hiyo do ni nusu toni juu yake. Flati ya mwisho kulia ni "f", hesabu kushuka f m r d. Shapu moja, ambayo ni F, inakupa Do ni G. Flati moja, B, inakupa F. Kinanda kinakulazimisha kusoma safu mbili za mistari hiyo kwa pamoja, ufunguo wa sol kulia na wa fa kushoto, ndiyo maana kinachelewa. Filimbi inasoma safu moja. Gitaa nalo huandikwa oktava moja (umbali wa d hadi d) juu ya linavyosikika, kwa hiyo usishangae kinanda na gitaa vikisoma nota moja na gitaa likasikika chini.

Joto, maji na wadudu

Nyumba ya bati mchana ni oveni; gitaa la mbao lisikae darini wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, gundi inalegea na daraja linainuka. Msimu wa mvua mbao zinavuta unyevu na nyuzi zinainuka. Pima tena freti ya 12 kabla hujalaumu vidole. Ukivuka kwenda Ukerewe, chombo kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kisiwekwe sakafuni kwenye chombo cha majini. Kinanda kifunikwe kitambaa usiku: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa hufa kwa mamia juu ya vitufe na kuingia kwenye mianya. Usiwafute kwa kitambaa chenye maji, tumia brashi kavu.

Basi nichukue kipi?

Kama kwaya yako haina mpigaji na karatasi zake ni za sauti nne, chukua kinanda, maana utaona soprano, alto, teno na besi kwa pamoja, na utawasaidia wenzako kushika sauti zao. Kubali mwaka mmoja wa do nyingi. Kama unaongoza nyimbo za kusifu, unatembea jumuiya hadi jumuiya, au mnabadili do kila siku kwa kufuata mwimbaji, gitaa lenye kapo, bila kusita. Mtoto wa darasa la tatu au la nne apewe filimbi ya baroko kwa mwaka mmoja. Mikono ikikua ahamie kinanda akiwa tayari anasoma mistari. Tarumbeta mpe aliyepata bendi.

Mwenye bajeti ya chombo kimoja na ambaye hajaamua bado, aazime gitaa siku saba na kinanda siku saba, apige kwenye kila kimoja wimbo mmoja anaoujua kwa solfa, kwanza katika G kisha katika F. Kile atakachokuwa bado anakigusa siku ya saba ndicho akanunue.